Shaame, Taa za Kiwanja na Kuku Anayeatamia

Mume wangu Shaame ni Mtumbatu anayetapika baharini. Nnalitaja hili mwanzo kwa sababu mama yangu, Bi Sichana, amelitaja mwanzo kwa miaka ishirini na tatu, na mie ni mtoto mtiifu. Baba yake nahodha, babu yake nahodha, yeye akivuka tu pale Mkokotoni kwenda kisiwani kwao anakumbatia ndoo. Ndiyo akaja mjini kutafuta kazi ya nchi kavu, akaipata kwenye kiwanja cha ndege, akanipata na mie.

Mama hakumtaka. Alikuwa keshanichagulia fundi cherehani mmoja wa Mlandege, mwenye duka lake. Nikakataa, nikaolewa na Shaame, na tangu siku hiyo mama hajamwita kwa jina hata mara moja. Ni "huyo wako". Huyo wako keshakula? Huyo wako mbona kanenepa? Na mwenyewe amekaa hapohapo, anasikia.

Kitu kimoja tu mama alimpa heshima yake, nacho ni taa. Nyumba yetu iko nyuma ya uzio wa kiwanja, na kwa miaka ishirini na moja Shaame ndiye aliyekuwa akiwasha taa za njia ya kurukia ndege. Jua likizama, watu wa mnara wa kuongozea ndege wanampigia simu, naye anaingia kwenye kijumba cha umeme, anashusha mkono wa swichi, na safu nzima inawaka toka huku mpaka kule. Sasa, mtaani kwetu adhana ya magharibi haisikiki. Msikiti upo na muadhini ana sauti nzuri, lakini kuna ndege kubwa inayoondoka saa hiyohiyo kila siku, na ikianza kunguruma, mtu akikwambia sikioni nyumba yako inaungua utamjibu "marahaba". Kwa hiyo Ramadhani sisi tunafuturu kwa taa. Wakil, jirani yetu muuza urojo, anapanda juu ya kigoda pale pembeni, akiziona anainua mikono, anapiga kelele "Taa hizo", na mtaa mzima unatia tende mdomoni. Usiniulize habari ya simu. Simu tunazo, saa tunazo, na ratiba ya msikiti imebandikwa mlangoni. Tulizoea taa.

Mama ndiye aliyezoea kuliko wote. Macho yake yana mtoto wa jicho, saa haioni, ila mistari ile ya taa anaiona. Kila Ramadhani anatoka kwake Fumba na mto wake wa kulalia, anahamia kwangu mwezi mzima, anasema futari ya kwangu ina uhakika. Kwa mashoga zake anajitapa kwamba huyo wa binti yake asipogusa swichi, ndege zinabaki juu zinazunguka.

Mwaka juzi wakaja mafundi kukitengeneza kiwanja. Jengo jipya, viti vipya, vyoo vyenye vioo virefu mpaka mtu anaona haya kuingia. Na taa mpya, nyeupe, kali. Juu ya kile kijumba wakaweka kijicho cha kioo, ukubwa wa kifuniko cha chupa, kinachoangalia mbingu. Kiza kikiingia, kijicho kinaona, taa zinawaka zenyewe. Mkono wa swichi wakaufungia kabatini. Shaame hawakumfukuza, nawashukuru kwa hilo. Walimpa fulana ya kung'aa na kazi nyengine: asimame kwenye vyoo vipya vya abiria, awaonyeshe watu namna ya kuweka mikono chini ya bomba, maana bomba nalo halina kishikio, linafunguka lenyewe.

Siku aliyonambia nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamtazama uso wake, nikaacha.

"Mama asijue," akanambia. "Ntakuwa huyo wako wa chooni mpaka nife."

Nikimjua mama yangu, sikuweza kumbishia.

Basi Ramadhani ikaingia, na mama na mto wake. Shaame anatoka kazini saa tisa. Akikaa nyumbani, mama atauliza nani anawasha taa. Akikaa barazani na wenziwe, habari zitafika kwa mama kabla ya isha. Kwa hiyo kila siku saa kumi na nusu, baba huyu wa watoto wanne anavaa sare yake, anaaga kwa sauti, "Mama, nnakwenda kuwasha taa," anatoka mlango wa mbele, anazunguka nyumba, anapita kwenye tundu la ukuta, na anaingia kwenye banda langu la kuku. Banda liko uani, pale tunapofuturia, nyuma ya mgongo wa mama hasa. Humo anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pamoja na kuku mmoja anayeatamia, mwenye roho mbaya, anayemdonoa kila akikohoa. Taa zikiwaka anangoja kidogo, anatoka kwa tundu, anazunguka, anaingia mlango wa mbele akijifuta jasho.

"Nshawasha, mama."

"Tumeona," mama anajibu, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Siku kumi na saba tulifanya upuuzi huu, mie nikimpenyezea tasbihi kwenye wavu apitishie wakati.

Siku ya kumi na nane masika yakaja kutuumbua. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, jua bado lina karibu saa nzima, likatokea wingu jeusi upande wa bahari, likafunika kila kitu. Nilikuwa nakaanga sambusa, nikashindwa kuona kama zimeiva. Kuku wangu walidhani usiku umeingia, wakarudi bandani mmoja mmoja, wakamkuta Shaame, wakampanda magotini. Na kule juu ya kijumba, kijicho nacho kikaona kiza.

"Taa hizo," akasema Wakil.

Taa hazikukosea. Zimewekwa kwa ajili ya marubani, hazikuwekwa kwa wanaofuturu. Lakini mtu aliyefunga akiona taa habishani nayo. Mtaani nikasikia bakuli zikigongana. Mama akachukua tende, akainua mikono, akaanza dua. Na ile ndege kubwa ilikuwa haijanguruma, wala hakuna aliyeshangaa.

Nikatazama bandani. Vidole vya Shaame vilikuwa vimeshika wavu. Nikajua anachokifikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria hichohicho. Akisema, heshima yake ndogo aliyoichuma miaka ishirini na moja imekwenda. Akinyamaza, mama atakula mchana, mama ambaye katika miaka yake themanini na moja hajapoteza funga hata moja ila zile alizosamehewa na Mungu. Ningeweza kusema mie. Sikusema, na hili nnaliona haya mpaka leo.

Mlango wa banda ukaanguka. Shaame alitoka nao.

"Mama, usile."

Tende ilikuwa imeshagusa mdomo. "Nani huyo?"

"Mimi, mama. Mkweo."

"Si uko kwenye taa?"

"Taa zinajiwasha zenyewe. Mimi niko kwenye kuku."

Akapita mbio mpaka mtaani, manyoya kichwani. "Msile, jua bado, ni wingu hilo." Kwa Wakil alikuwa keshachelewa, uji bakuli zima na bajia mbili zilikuwa zimeshateremka. Muhammad, fundi baiskeli, mashavu yamemjaa uji, akauliza kwa mikono ateme au ameze. "Tema," Shaame akamwambia, akatema kwa huzuni kubwa. Wakil akasema haiwezekani mtu mwenye unyoya sikioni aje kumfundisha saa. Alipokuwa bado anasema hivyo wingu likasogea, na jua likatokea juu ya minazi, likammulika yeye na bakuli lake tupu.

Shaame akarudi uani, akasimama mbele ya mama, akamwambia yote: kijicho, kabati, vyoo, bomba, ndoo, mpaka tasbihi. Mama alisikiliza, tende mkononi.

"Kwa hiyo siku kumi na saba nakula kwa jicho la mashine," akasema.

"Naam, mama."

Akaifunga tende kwenye pindo la leso, akageukia ukutani, na hata futari akaila ametupa mgongo. Shaame alifuturu maji tu. Nami nililia jikoni, nikasingizia vitunguu.

Siku ya pili mbingu nyeupe. Shaame hakuvaa sare. Alitengeneza mlango wa banda, kisha akakaa mwisho kabisa wa mkeka, karibu na ndoo za maji. Saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, ndege ikaanza kunguruma, na taa zikawaka.

"Taa hizo," akapiga kelele Wakil. Akangoja kidogo. "Nafikiri."

Nikanyoosha mkono kwenye tende, mama akanipiga kofi mkononi. Ngurumo zilipopungua akageuza uso taratibu, akitafuta kwa macho yake ya ukungu upande ule wa ndoo.

"Shaame," akasema.

Mume wangu akatazama nyuma yake, kuona Shaame gani. Nyuma yake kulikuwa na ndoo tu.

"Naam, mama."

"Jua limezama?"

Akanyanyuka. Akatoka kwa lile tundu la ukuta, akaangalia magharibi mpaka mwisho, akaangalia saa yake, akaangalia tena magharibi. Mama alingoja, tende kiganjani. Akarudi.

"Limezama, mama."

"Bismillahi," akasema mama, akala.

Mtaani hakuna bakuli lililogongana. Kisha sauti ya Wakil ikapita juu ya ukuta, juu ya ngurumo za ndege iliyokuwa imeshapaa, akiuliza kama Shaame keshasema.

"Keshasema," nikamjibu, na mtaa mzima ukala.