Kikohozi cha Mwezi wa Shaabani

Sifa zote ni za Mola, aliyetia pumzi katika vifua vyetu kabla hatujajua kuiomba.

Hadi leo nikisikia mwanamume anakohoa alfajiri, narudi mtaa wa Kisugu, nyumbani kwa marehemu baba yangu, maalim wa madrasa. Zama hizo za utawala wa wanajeshi, watu walitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe. Baba alikuwa ameosha maiti ya kijana wa mtaani, na wazazi walipomuuliza, aliwaambia alama za mateso alizoziona mwilini. Tangu hapo gari lisilo na namba lilianza kupita taratibu mbele ya nyumba yetu.

Shaabani ilipoingia, baba aliacha sigara ili Ramadhani imkute msafi. Tulitarajia apone. Badala yake alikohoa kuliko zamani, kikohozi kizito cha makohozi meusi, kikasikika hadi barabarani. Kila alipoanza, mimi binti yake niliwaza kwamba gari lile linasikia.

Jirani yetu Mama Okot, ambaye mumewe alikuwa askari wa kambi ya Mbuya, alimwonea huruma. "Maalim, vuta moja tu, kifua itulie. Utakufa na utakatifu yako!"

"Nikifa nao nimefaidi," baba akajibu, akakohoa tena.

Mama yangu hakucheka. "Baba Zuhura, vuta tu. Nakuomba."

Hakuvuta.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, kikohozi kilipungua. Jioni moja kabla ya magharibi, baba alinusa uji jikoni, akalalamika kwamba pilipili manga imezidi.

"Miaka yote natia hivyo hivyo," mama akasema. "Leo ndiyo umepata pua?"

Akacheka, akaelekea msikitini kwa mlango wa nyuma, kupitia migombani kama kawaida yake. Mlangoni akasimama. Kicheko kikaisha.

"Kuna mtu anavuta sigara migombani," akanong'ona. "Baba Okot yuko kambini. Nani mwingine huku avute kabla hatujafuturu?"

Mimi sikusikia harufu yoyote ila ya uji. Baba akatoka kwa dirisha la ubavuni, akaingia uani kwa Mama Okot. Nilimsikia yule mama: "Ingia ndani. Mimi sijaona mtu."

Adhana ikaadhiniwa. Wanaume wawili wakatoka migombani.

"Maalim iko wapi?"

"Ametangulia msikitini," mama akasema, akawakaribisha uji. Wakakaa, wakanywa, wakitega masikio. Nami nilitega yangu upande wa jirani, nikiomba kifua cha baba kinyamaze. Kilinyamaza.

Walipoondoka, baba alivukia Kenya, akarudi utawala ule ulipoanguka, akazeeka kwetu. Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba mapafu yakiachwa na moshi huanza kujifagia, ndiyo maana mtu hukohoa zaidi mwanzoni. Nayo pua na ulimi huamka polepole. Sisi tuliona ugonjwa. Tulimsihi, kwa mapenzi yetu yote, arudie kitu ambacho kingemwacha atembee moja kwa moja hadi mikononi mwao.

Nawe unayesoma, Mola akupe pumzi safi, na akukinge na yale usiyoyaona.