Kuku wa Hillbrow Gwarideni

Jua halijafika kwenye madirisha ya maghorofa ya Hillbrow, Johannesburg, na cherehani ya Marthe inanguruma tayari. Limebaki shati moja. Mwenye shati, mumewe Évariste, amesimama kando kifua wazi, akingojea kola kama mtu anayengojea chai ichemke.

"Mama Sagesse, teksi itatuacha."

"Itakuacha wewe na hilo tumbo. Nilikupima Julai, Desemba umeniletea na mwenzake."

Marthe ni fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Tangu mwaka 2008 meza yake iko kwenye kibaraza cha jengo wanamoishi. Hupunguza suruali, hubadilisha zipu, na shule zikikaribia kufunguliwa hushona sare. Suruali moja kuipunguza ni randi thelathini, na kuna siku zipu peke yake ndiyo inayonunua mkate.

Évariste analinda jengo la ofisi kule Marshalltown. Mlinzi hana Desemba. Watu wakifunga ofisi kwenda kupumzika, yeye ndiye anayebaki kuziangalia. Kwa miaka tisa ya Johannesburg, familia hii haijawahi kutoka pamoja siku ya sikukuu. Mwaka huu wa 2017, bosi kampa Jumamosi moja.

"Moja tu," anasema Marthe, akikata uzi kwa meno. "Hii ikiharibika tungoje miaka tisa mingine? Yves atakuwa na ndevu."

Yves, kitindamimba wa miaka saba, anajishika kidevu kuhakikisha.

Safari ni ya Doringvlei, mji mdogo kwenye mashamba ya mahindi, mwendo wa saa moja na nusu. Mteja mmoja alimsimulia Marthe kuhusu gwaride lao la sikukuu za kiangazi: trekta zenye maua, gari la zimamoto, wasichana wa kurusha fimbo. Marthe akafanya ambalo mama yeyote wa Uvira angefanya akisikia sherehe. Akanunua kitenge kirefu, kijani chenye kuku wa njano, akashonea nyumba nzima.

"Kwetu huendi kwenye sherehe kila mtu na rangi yake," anaeleza. "Watadhani mmekutana kituoni."

Asiyetaka kuelezwa ni Sagesse, binti yao wa miaka kumi na miwili. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Asubuhi hii anatumia Kiswahili, ili mama yake asikose hata neno.

"Mama, watu wataangalia sisi, si gwaride."

"Waangalie. Nimepiga pasi."

Doringvlei ina barabara kuu moja na robot moja, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku. Jua linachoma, lakini Sagesse amefunga jaketi mpaka kidevuni na anatembea hatua kadhaa nyuma ya wenzake, kama jirani aliyepotea. Marthe anamwona, anamwacha. Siku yenyewe ni moja.

Wakitafuta kivuli, wanakata kona na kujikuta katikati ya trekta zilizopambwa. Mama mmoja mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na filimbi shingoni anawatazama: kuku kwenye gauni, kuku kwenye shati, kuku kwenye kaptula. Kwake, waliovaa sawa ni kundi la gwaride.

"Mmechelewa," anawaambia kwa Kiingereza, akimshika Évariste mkono. "Nyuma ya trekta ya bluu. Haraka."

Évariste anakauka. Kazi yake miaka yote ni kuwazuia getini wasio na ruhusa.

"Mama Sagesse, sisi hatumo humu," ananong'ona. "Wakituuliza je?"

Wanaulizwa papo hapo. Mtangazaji anataka jina la kundi, anasema mama wa filimbi, kalamu mkononi. Évariste anamtazama mkewe. Kiingereza cha Marthe ni cha suruali na zipu. Yule mama anawaangalia upya, polepole, na Yves, ambaye ameshaanza kupungia watu mkono, anaushusha.

Ndipo zipu ya jaketi inaposikika ikishuka.

Sagesse anasogea mbele, kuku wake wote hadharani. "Familia ya Kuku wa Hillbrow," anasema kwa Kiingereza cha kujiamini. "Tumetoka Johannesburg."

"Sharp," anakubali mama wa filimbi, na kuandika.

Mtangazaji anapolisoma jina, barabara nzima inacheka, kisha inapiga makofi. Évariste anaanza kutembea kama yuko doria, akikagua makufuli ya maduka kushoto na kulia.

"Papa, leo hulindi kitu," Marthe anamwambia. "Punga mkono."

Anapunga. Kwanza kidogo, kama anayefukuza nzi, halafu mikono yote miwili. Marthe anaachia vigelegele vya Uvira, wanawake wa pembeni wanampokea kwa vya kwao. Mbele kabisa ya familia yuko Sagesse. Robot inawaka nyekundu, na hakuna anayesimama.

Jumatatu Marthe amerudi kibarazani, zipu mbili na sare za shule zikimngoja. Mama wa filimbi alichukua namba yake ya simu. Mwakani wanakaribishwa, safari hii kwa mwaliko. Marthe anapanga kuwashonea majirani wa ghorofa nzima, na anatafuta cherehani ya pili. Évariste ameshaomba Jumamosi ya Desemba 2018. Bosi alicheka, akadhani ni utani.

Na kitenge?

"Eish, hilo nimenyang'anywa," anasema Marthe, akigeuza mguu wa suruali. "Sagesse anasema atachagua yeye. Nilifikiri sasa kuku wamekwisha. Kumbe anataka kuku walewale, ila wakubwa, ili hata aliyesimama kule kwenye robot awaone."