Profesa wa Waya na Macho ya Mkewe

Shemeji yangu ana kazi moja tu hapa duniani: kuhakikisha kipaza sauti kinasikika. Ni fundi wa mitambo kwenye ukumbi wa mikutano wa taasisi ya utafiti. Anatandaza waya, anawasha projekta, anagonga kipaza sauti kwa kidole, "moja, mbili, moja, mbili," halafu anakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya jukwaa kungoja kama kuna kitu kitakoroma. Basi, elimu yake imeishia hapo. Lakini kwa kuwa amekalia kile kiti miaka nenda miaka rudi huku wasomi wakizungumza mbele yake, akajiona na yeye kaiva. Mtaani tunamwita Profesa wa Waya. Jina hilo nilimpa mimi, na mwenyewe analipenda, maana hajui kama ni tusi.

Akirudi kazini havui viatu kabla hajatoa mhadhara. Leo kompyuta zinasoma picha za mapafu vizuri kuliko daktari, kesho kuna roboti inashona mshipa mwembamba kuliko unywele, keshokutwa mwanga wa leza unakata chuma na kuponya ngozi. Nani kamuuliza? Sisi tunataka kujua kama kapita dukani kuleta sabuni. Hajapita. Anajua leza inavyofanya kazi, lakini bawaba ya mlango wa choo chake imeng'oka tangu mwaka juzi, na mlango unaegemezwa kwa jiwe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji yangu ana upara.

Aliyeolewa na kioja hicho ni mdogo wangu, tumbo moja. Ni fundi cherehani, na sisemi kwa sababu ni damu yangu: hapa kwetu hakuna mkono unaomfikia. Wateja walikuwa wanapanga foleni barazani kwake na vitambaa kwapani. Mimi nina bucha mkabala na nyumba yao, kwa hiyo kila kitu kinachotokea pale nakiona, na nisichokiona nakisikia.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Mdogo wangu akawa anagonga bega la kushoto kila akipita mlangoni. Akija buchani ananisalimia mimi, mteja aliyesimama kando yake hamsalimii, watu wakaanza kusema amekuwa na maringo. Siku moja akaweka kikombe cha chai hewani, nje kabisa ya ukingo wa meza, kikamwagikia miguuni. Nikamwambia, "Wewe, kesho twende ukapimwe macho." Mumewe akasema na yeye anakuja, maana lazima awepo mtu wa kuelewa lugha ya kitaalamu.

Daktari wa macho alikuwa mama mtulivu, anazungumza polepole. Akasema ni presha ya macho. "Inaanza kula pembeni, inakuja katikati taratibu," akasema. "Kilicholiwa hakirudi. Nitakupa dawa ya matone, lakini hilo jicho la kushoto linataka upasuaji mapema, na la kulia lifuate."

Mdogo wangu akaitikia. Profesa akakohoa kama vile anajaribu kipaza sauti. "Upasuaji wa aina gani, daktari?"

"Wa kawaida. Tunafungua njia ndogo maji yatoke, presha ishuke. Tunaufanya kila wiki."

Wa kawaida! Alitoka mle chumbani kakasirika kana kwamba mkewe katukanwa. "Kisu cha mkono? Zama hizi?" Akatuambia kuna mtaalamu wa leza amezungumza ukumbini juzi tu. Mwanga unaingia jichoni, unafungua mfereji, hakuna kukatwa wala damu, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Nikamuuliza huo mwanga uko hospitali gani. "Bado uko kwenye majaribio," akasema, "lakini ni jambo la muda mfupi. Tungoje."

Tukangoja. Leza haikuja, akaja daktari bingwa na filamu ya roboti yenye mkono usiotetemeka. Tungoje roboti, hizo leza zina walakini. Baada ya roboti, wakaja vijana wa kompyuta, eti wametengeneza programu inayotazama picha ya jicho na kusema litapofuka mwaka gani. "Ni lazima kwanza kompyuta imsome," akasema Profesa, "ndipo tujue tunakata wapi." Kila mkutano ukimalizika mume ana tumaini jipya, na mke ana kipande cha jicho pungufu. Wenye utafiti wao sina ugomvi nao. Walikuwa wanaambizana wenyewe kwa wenyewe walipofikia. Huyu wa waya ndiye aliyekuwa anazoa makombo ya maneno yao na kumlisha mke wake.

Kilichonipandisha mori ni matone. Dawa ilipoisha niliuliza mbona chupa mpya sijaiona. Profesa akanijibu huku anajikuna tumbo, "Shemeji, kemikali za nini? Kuna mtafiti wa tiba za asili amepata jani. Linashusha presha ya macho vizuri kabisa."

"Limeshusha macho ya nani?"

"Ya sungura."

Nilikuwa nimeshika kisu cha kazi, nikakiweka chini kwa usalama wake. "Huyu mdogo wangu unamwona ana masikio marefu? Lini umemwona akitafuna karoti?"

"Hayo ndiyo matatizo ya kutosoma," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mke wangu, hebu tunga uzi dada yako aone." Mdogo wangu akachukua sindano, akatunga mara moja tu. Profesa akapiga makofi. "Mtu anatunga uzi halafu mnamwita kipofu!"

Mtu mzima ovyo! Daktari alishasema katikati ndiyo inaliwa mwisho. Sindano ipo katikati, mlango upo pembeni. Lakini daktari hakuwa na projekta, kwa hiyo hakumsikia.

Nikamfuata mdogo wangu peke yake, nikamsihi twende tu, sisi wawili. Akaniambia, "Dada, mume wangu anakaa na wasomi kila siku. Wewe unakaa na nyama." Neno hilo liliniuma, siwafichi. Nilirudi bucha nikakata mifupa mpaka wateja wakaogopa. Yeye aliendelea kushona. Akakosea mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi, ukawa mfupi kuliko wa kulia, ikawa fedheha. Siku nyingine mashine ikampitishia sindano kwenye kidole. Foleni barazani ikaanza kupungua, na nilimwona anavyoipapasa cherehani yake kwa viganja kama mtu anayeaga. Bila macho yale hana kazi, na bila kazi ile simjui atakuwa nani.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya mambo yake. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nikasikia yowe. Nikavuka barabara na aproni yangu ya damu. Nikamkuta Profesa sakafuni, kajikunja, kashika tumbo upande wa kulia, jasho linamtiririka.

"Shemeji, nakufa!"

"Tulia, shemeji," nikamwambia. "Mwezi ujao huenda kukaja mtambo."

Hakucheka. Tukampakia kwenye teksi, mkewe kamshika mkono njia nzima. Hospitali, daktari kijana akambonyeza tumbo, Profesa akapiga kelele mpaka wauguzi wakachungulia. "Kidole tumbo," daktari akasema. "Kinakaribia kupasuka. Lazima tukupasue leo."

Nikakaa mkao wa kula. Nilikuwa nangoja swali lile, upasuaji wa aina gani. Nilingoja nisikie habari ya roboti, ya kompyuta, ya jani, hata ya sungura.

"Kata!" akalia Profesa. "Kata sasa hivi, mwanangu! Kwa kisu chochote!" Karatasi ya ridhaa aliitia sahihi kabla daktari hajamaliza kuisoma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mdogo wangu alikuwa kasimama karibu na kichwa chake. Akainama, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hungoji?"

"Naumwa, mke wangu! Huoni ninavyoumwa?"

Wakamsukuma Profesa kitandani kwenda naye, magurudumu yanalia kwenye korido, na mdogo wangu akabaki kasimama vile vile. Nikadhani atalia. Hakulia. Akanigeukia, akageuza shingo yote ili anipate kwa lile jicho lililobaki, akasema, "Dada, kliniki ya macho iko upande gani?"

Jumapili imefungwa, nikamwambia. Tulirudi kesho yake asubuhi, tukawa wa kwanza mlangoni. Yule mama daktari alimkumbuka. Alimpima, alipomaliza akavuta kiti akakaa karibu naye. Jicho la kushoto limekwisha, akasema, halina tena cha kuokoa. La kulia limebaki kidogo, na hicho kidogo tukikiwahi kitamtosha kushonea. Mdogo wangu akauliza kama kuna nafasi wiki hii. Ilikuwepo. "Niandike," akasema, wala hakuuliza ni kwa kisu au kwa mwanga.

Alipasuliwa upasuaji ule ule wa kawaida. Asubuhi yake daktari akafungua bendeji, akapima, akatabasamu: presha imeshuka, lililobaki litabaki. Akamfunga tena. Nililia mimi mwenyewe, mbele za watu, na aproni ya kujifutia sikuwa nayo.

Ndipo Profesa akatokea mlangoni, katoka wodi ya wanaume, anatembea kakunjamana, mkono tumboni kwenye nyuzi zake. Mtu aliyeokolewa juzi tu kwa kisu cha mkono! Akamwona mkewe na ile bendeji, akashika kichwa.

"Wamekukata? Mke wangu! Wiki ijayo tu kuna bingwa anakuja ukumbini, anayeotesha upya mishipa ya jicho! Kwa nini hukuningoja?"

Mdogo wangu akageuza uso kuifuata sauti, maana kwa wakati ule hakuwa anaona chochote.

"Nilikungoja, mume wangu," akasema. "Jicho la kushoto lote nimelimaliza kukungoja."