Leseni ya Mashine Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani, nikakabidhiwa mashine ya kuandikia iliyojaa vumbi la pamba.

"Ifungue," aliniambia Mzee Hasmukh, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Shinyanga mjini. "Ukishindwa kuirudishia, angalau tutajua ndani kuna nini."

Mzee alizaliwa Shinyanga, na kila asubuhi aliwaamkia wateja kwa "Mwangaluka" ya Kisukuma kabla ya kugeukia Kiswahili. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, mwanamke peke yangu katika karakana. Tangu siku ile aliniita Fundi, basi.

Kompyuta zilipoanza kuingia mkoani, katika miaka ya tisini, alinipeleka Dar es Salaam kusomea ufundi wake. Niliporudi nilihudumia ofisi za mgodi wa almasi wa Mwadui, viwanda vya kuchambulia pamba, hadi kambi za watafiti wa dhahabu kule Geita. Ninyi vijana mnapakua programu kwenye mtandao. Sisi mfumo endeshi, yaani programu inayoiamsha mashine na kuiwezesha kupokea amri, tuliupata katika disketi, vibapa vya plastiki vilivyoingizwa kimoja baada ya kingine. Pamoja navyo ilikuja leseni, cheti chenye namba, kinachokuruhusu kuutumia mfumo huo katika mashine moja tu. Wengi walinakili disketi za jirani. Mzee Hasmukh alikataa katakata.

"Bahasha ya disketi imeandikwa kwamba ukiifungua umekubali masharti," alisema. "Mimi nimeifungua."

Asubuhi moja ya masika alifika Sista Agnesta, mfawidhi wa hospitali ya misheni upande wa Runzewe. Alikuwa na kompyuta nyuma ya pikapu, imefungwa kwa blanketi la wodini. Nilipoiwasha ilikwaruza kama kijiko kwenye sufuria. Nikajua diski ngumu imekufa, ile sahani inayozunguka ndani na kutunza kila kitu.

"Vilivyokuwamo havirudi, Sista," nilimwambia.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Mashine ile ilitunza majina ya wagonjwa wa kifua kikuu, wengi wao wachimbaji wadogo wa dhahabu waliohama kila waliposikia mahali pameanza kutema dhahabu. Kila Jumatatu ilimwonyesha nani hakuja kumeza dawa, naye Baba Shija, mhudumu wa hospitali, alipanda baiskeli kuwatafuta kwenye maduara, yaani mashimo yao.

"Kadi zao ninazo, majina tutayaandika upya," alisema. "Lakini kupekua makabati yote kwa mkono, mpaka nimjue aliyekosa dawa, ameshaanza kukohoa damu."

Diski mpya tulikuwa nayo. Tatizo lilikuwa mfumo endeshi. Kompyuta ile ilitolewa na wafadhili bila disketi wala cheti, na kuagiza Dar es Salaam kulikuwa kusubiri majuma mengi.

"Mzee, tunakili zetu," nilinong'ona.

"Leseni yetu ni ya mashine moja, Fundi."

Sista alisikia. "Baba, wagonjwa wangu hawajui leseni ni nini."

Mzee aliingia ofisini kwake, ilipokuwa kompyuta yake mwenyewe, aliyoizoea kwa shida na kuipenda kama mtoto. Akaniita.

"Futa hii."

"Na hesabu za duka, Mzee?"

"Zichape zote kwenye karatasi kwanza. Halafu futa. Disketi na cheti mpe Sista, viwe vyake. Mashine moja, leseni moja. Au nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Nilifuta, yeye akiwa amesimama mlangoni akitazama barabarani.

Nilisafiri na Sista hadi Runzewe, nikafunga diski mpya, nikaanza kuingiza disketi. Karibu na mwisho moja ikagoma kusomeka. Niliitoa, nikaipangusa, nikairudisha, ikagoma tena. Disketi nyingine haikuwapo. Sista alishika rozari. Tukaiacha mashine ipoe, tukanywa uji, nikajaribu tena. Ikasoma.

Wauguzi walipokezana kuingiza kadi kwenye mashine. Orodha ya kwanza ilipotoka, Baba Shija aliikunja akaitia mfukoni, akaondoka na baiskeli. Alirudi na kijana wa machimbo amekaa nyuma, mwembamba, ana tope hadi magotini. Sista alimpa kikombe cha maji na vidonge, akasimama mbele yake hadi alipomeza. Kisha akamgombeza kwa Kisukuma mpaka kijana akacheka.

Baadaye niliajiriwa mgodini Geita, nikapitia mikononi mwa mameneja wengi, na wengine walikuwa wema sana. Nimestaafu salama. Vijana wakiniuliza kazi yetu ilikuwa nini hasa, nawaambia ni kujua kwamba nyuma ya kila mashine iliyozimika kuna mtu anayesubiri.

Nilipostaafu nilikwenda Shinyanga kumsalimu mjane wa Mzee Hasmukh, Mama Jayesh. Tukiwa tunakunywa chai akaniuliza, "Fundi, ile kompyuta ya Mzee iliharibikaje? Aliniambia imeungua na umeme, eti hata wewe umeshindwa."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya sari.

"Mwongo yule," alisema, akaniongezea chai.