Turbo Kubwa kwa Hewa ya Mlimani

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ambayo Bi Halima aliingia gereji yetu hapa Majengo, Nyeri, na hasira zake. Lori lake la kubeba ng'ombe kutoka Doldol lilikuwa limekwama tena kwenye kilima cha kuingia mjini.

"Likishindwa mara nyingine naliuza," alisema. "Na nikiliuza, wanangu watakula nini?" Mumewe alikuwa amefariki, na biashara ya ng'ombe ndiyo aliyomwachia.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami bado fundi kijana. Turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, ilikuwa ndogo. Mombasa, lori liliponunuliwa, ilitosha. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Ile ndogo ilizunguka kama kichaa na bado injini ikakosa pumzi. Nikachagua kubwa, iliyotolewa kwenye tingatinga bovu.

Dereva, Kamau, alicheka akashika mbavu. "We fundi, hiyo ni turbo ama sufuria ya harusi?"

Mzee Idi, mwalimu wangu wa kazi na wa dini, hakucheka. "Umechagua vizuri," alisema. "Mapafu umeyapata. Na moyo je? Ukiifunga leo, injini itapasuka kabla ya kufika Kiganjo hapo jirani."

Basi tukaifungua injini yote. Tukatia pistoni imara, boliti mpya za kichwa cha injini na pampu ya oili yenye nguvu, kisha tukaiongezea dizeli. Bi Halima alikuja kila mara kuharakisha kazi, na Mzee alimpa chai tu.

Siku ya majaribio tulipakia fahali hadi lori likajaa. Mzee akaomba dua. Katikati ya kilima, mwendo ukaanza kufa.

"Imekwisha hii!" Kamau akapiga kelele.

"Punguza gia, usiachie pedeli ya mafuta! Ngoja!" nikamwambia.

Akangoja, jasho likimtoka. Ndipo tukasikia mluzi mwembamba ukipanda, ukipanda, na lori zima likajivuta mbele kama limesukumwa na mkono. Tukamaliza kilima tukiongeza mwendo! Kamau alikuwa akipiga honi na kuuliza, "Ati hili lori limekula nini?" Mjini Bi Halima alitupokea kwa vigelegele, kisha akalia. Halikuuzwa. Alhamdulillahi, wanawe wote walisoma.

Mwanangu, ukitaka injini ya nguvu nyingi, usichague turbo kwa sifa za mtu anayeishi bondeni. Pima mzigo wako na hewa ya kwenu. Imarisha kwanza kile kitakachoibeba nguvu hiyo. Na ukishachagua, vumilia, kwa maana turbo kubwa huchelewa kuamka, na wengi huachia mafuta palepale inapokuwa karibu kuitika.

Mungu akupe kifua cha kubeba kila kheri atakayokujalia, na akufikishe juu ukiwa mzima. Amina.