Chupa Nyekundu ya Bibi Nambewe

Gresham Likongwe alikuwa mtu ambaye huwezi kumsikia akigombana. Huko chini ya mlima Mulanje, upande wa mashamba ya chai, hospitali ile ndogo ilikuwa na dirisha moja tu la dawa, na nyuma ya dirisha alikuwepo yeye na koti lake jeupe, akitoa vidonge kwa mikono miwili kama mtu anayemnawisha mgeni. Wazee walimpenda kwa hilo. Wapo wengine hutoa dawa kama wanaotupia kuku mahindi.

Kazi yake iliyoheshimika zaidi ilikuwa kuchanganya mofini, dawa ya maumivu makubwa, ile wanayopewa wenye saratani. Pale haikuja tayari kwenye chupa. Ilikuja unga mweupe, mchungu, ikafungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa shingoni mwa Likongwe. Aliupima ule unga, akauyeyusha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha akatia rangi. Kijani ni dawa hafifu, nyekundu ni dawa kali. Ndivyo wanavyofanya huko, maana chupa zinakwenda majumbani kwa watu wasiosoma, na rangi haimsumbui mtu. Nyekundu kila mtu anajua ni ya kuogopa.

Basi watu walitazama rangi, na kingine hawakukitazama.

Ilianza na baiskeli. Ulikuwa msimu wa chiperoni, yale manyunyu na ukungu vinavyoshuka katikati ya mwaka vikakaa siku nyingi kama mgeni asiyejua kuaga. Likongwe aliteleza kwenye daraja la magogo akavunja mfupa wa bega. Daktari akamwandikia mofini kidogo. Bega lilipona vizuri, hata alama haikubaki, lakini mwili ulikuwa umekwisha kujua kwamba kuna mahali ambapo baridi haifiki na mawazo hayabishi hodi. Akaanza kulamba jagi baada ya kuchanganya, akijiambia kwamba ni vibaya kumwaga kitu cha thamani. Baadaye kifuniko kimoja. Baadaye akawa anakunywa kwenye chupa nyekundu yenyewe, pengo akalijaza maji, na maji akayatia rangi. Chupa ikitoka mikononi mwake ilikuwa nyekundu kuliko hata ilivyotakiwa.

Wenzake walimwona akijikuna pua na kusinzia mchana juu ya mizani. Walimtania kwamba mkewe hamwachi alale. Naye alicheka nao. Lakini tangu asubuhi masikio yake yalikuwa kazini. Alisikiliza viatu vya daktari ukumbini. Alisikiliza nani kataja kabati. Aliogopa Jumapili kwa sababu dirisha hufungwa, na aliogopa Jumatatu kwa sababu hufunguliwa. Raha ilikuwa imekwisha zamani. Sasa alikunywa ili aweze kusimama tu.

Na wagonjwa? Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akitumia dawa nyekundu alikufa wakati wa mvua kubwa, meno yameumana. Likongwe alikwenda mazikoni, akabeba jeneza upande wa mbele. Baada ya hapo akabaki mgonjwa mmoja tu wa chupa nyekundu, Bibi Nambewe.

Huyu bibi alikuwa akiuza mandasi, maandazi ya kule, kwenye lango la hospitali miaka na miaka. Likongwe alipokuwa mwanafunzi, viatu vimechanika, bibi alikuwa akimwita, anamfungia mandasi kwenye jani la mgomba na kumwambia aende, watu wenye njaa hawajui hesabu. Sasa saratani ilikuwa imemla uti wa mgongo, naye alilala kwa binti yake Estere, ng'ambo ya kijito. Aliyekwenda kumhudumia ni nesi Tionge, mwanamke mfupi, mwepesi wa kutania, anayepita kwa baiskeli nyumba kwa nyumba.

Siku moja ya chiperoni iliyofuata, Tionge alisimama dirishani akasema yule bibi dawa haimfikii. Alianza na kijiko kimoja, akapanda hadi viwili, sasa ni vinne na bado anauma shuka. Ndivyo walivyofundishwa manesi wote: maumivu yakikataa, unaongeza kijiko kwa kijiko. Likongwe akasema atakwenda kumwona.

Alikwenda. Bibi alikuwa amekauka kama kuni, uso umegeukia ukuta. Alipomwona alijaribu kucheka.

"Mwanangu Likongwe," akasema, "hii dawa yako ni tamu. Nadhani unanipa sharubati ya harusini, na harusi yenyewe hunialiki."

Estere alicheka. Tionge alicheka. Likongwe alisogea karibu. Akatazama macho ya bibi, aone kama anajua, lakini yalikuwa yamefumba tena na mkono wake ulikuwa umeshika ufito wa kitanda hadi mishipa ikatoka.

Asubuhi iliyofuata alijifungia na mizani. Alipima unga wote unaotakiwa, bila kupunguza hata chembe. Mara mbili aliuweka chini akaanza upya. Akayeyusha, akatia rangi, akafunga chupa, akaibandika jina la Nambewe, na yeye mwenyewe hakuonja. Alimkabidhi Tionge akipakia mfuko kwenye baiskeli. Kisha akaomba ruhusa kwamba ana homa, akaenda nyumbani, na njia nzima alijiona mtu aliyetua mzigo.

Kufika mchana homa ilikuwa ya kweli. Alipiga miayo machozi yakamtoka, mafua, jasho katikati ya baridi, miguu ikicheza yenyewe chini ya blanketi. Mkewe aliandaa nsima, ugali wa kule, na majani ya maboga, akaketi naye. Likongwe alionja tonge moja akakunja uso.

"Chumvi imezidi, ee?" mkewe akasema. "Nisamehe, baba Tadala. Ile ya zamani ililoa haikuwa na nguvu, nikazoea kutia mingi. Leo nimefungua mpya, mkono ukaenda vilevile."

Tonge lilibaki shavuni. Kwanza hakujua kwa nini maneno yale yamemnasa. Halafu akavijua. Vijiko vinne. Tionge alivipandisha vijiko juu ya maji ya rangi. Leo amebeba dawa kamili, na mkono wake utakwenda vilevile.

Mkewe alimwona amesimama, amevaa kiatu kimoja, akamwuliza anakwenda wapi na homa. Likongwe akampigia Tionge. Simu ilikataa, kama inavyokataa kila ukungu ukishuka. Akachukua baiskeli.

Njiani, pamoja na hofu ile kubwa, kulikuwa na hofu nyingine ndogo inayokimbia kando yake kama mbwa. Ilimwambia: sema chupa imeharibika. Sema uliona uchafu ndani. Ichukue, uimwage, na hakuna atakayejua. Alipovuka daraja la magogo alikuwa amekwisha kuyapanga maneno.

Baiskeli ya Tionge ilikuwa imeegemezwa ukutani. Ndani palikuwa kimya. Estere alimpokea mlangoni, kitenge kifuani, uso umechanua, akaweka kidole mdomoni kumwashiria asipige kelele.

"Mama amelala, kaka. Amelala kweli. Tangu mvua za kwanza sijamwona amelala hivi. Mungu akubariki kwa mikono yako."

Likongwe alimpita. Bibi alikuwa chali, mdomo wazi kidogo, uso laini kama wa msichana. Alipumua. Kisha hakupumua, kwa muda mrefu, na Likongwe naye hakupumua. Kisha akavuta pumzi nyingine, ndogo, yenye mkoromo.

"Hiyo chupa imeharibika," akamwambia Tionge. "Niliona uchafu. Nipe niirudishe."

Tionge alikuwa akinawa mikono kwenye beseni. "Imeharibika? Mbona leo ndiyo imefanya kazi? Kaka Likongwe, kwanza wewe mwenyewe unaonekana mgonjwa. Keti."

"Amekunywa kiasi gani?"

"Vinne vyake vya kila siku. Muda si mrefu."

"Vimezidi. Itabidi achomwe dawa ya kumzindua. Nenda kailete."

Tionge alicheka kidogo. Dawa ya kuzindua imefungiwa chumba cha upasuaji, akasema, na daktari haitoi bila kuelezwa kisa. Atamwelezaje? Kwamba mgonjwa wa vijiko vinne, aliyekunywa vijiko vinne jana na juzi, leo vinne vimemzidi? Atamfukuza kama mtoto. Amwache bibi wa watu alale, ana deni la usingizi.

Bibi aliacha kupumua tena. Ndipo Likongwe alipoona kwamba yale maneno aliyoyapanga darajani hayatoshi. Ukweli ndio peke yake ungeweza kukifungua kile chumba. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, zaidi ya kwenye jeneza la mwalimu, akashika nguzo ya kitanda.

"Vile vya jana vilikuwa maji," akasema. "Maji na rangi. Dawa niliinywa mimi. Leo ndiyo nimechanganya ya kweli, na sikukwambia."

Tionge aliacha beseni. Alitazama mikono ya Likongwe, pua yake inayochuruzika, mboni za macho yake, akavitazama kimoja kimoja kama anayevisoma, na ilionekana vyote alikuwa ameviona siku nyingi, ila hakuwahi kuviweka pamoja. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Nilimpa mimi," akasema polepole. "Kijiko kwa kijiko, kwa mkono huu."

Akatoka. Walimsikia akimwita msimamizi wa shamba la chai aliyekuwa akipita, ampeleke kwa pikipiki, kisha mlio ukapotelea ukunguni.

Estere alikuwa amekaa sakafuni. Hakupiga kelele wala hakumtukana. Likongwe alipiga magoti, akambinya bibi sikio, akamsugua kifua kwa ngumi, akamwita. Nambewe, amka. Nambewe, mandasi yanaungua. Nambewe, vuta pumzi. Kila alipoitwa alivuta, kama mtu mtiifu. Akiachwa, alisahau. Na wakati wote huo chupa ilikuwa juu ya kigoda karibu na goti la Likongwe, imejaa, nyekundu, na mwili wake wote uliijua ilipo hata alipofumba macho. Mara moja aliona mkono wake wa kushoto umeacha kifua cha bibi na uko hewani.

"Estere," akasema. "Hiyo chupa itoe hapa. Iweke nisikokujua."

Ndipo Estere aliponyanyuka. Aliichukua, akaifunga pindoni mwa kitenge chake, akarudi akakaa upande wa pili wa kitanda. Naye akaanza kumwita mama yake. Wakaitana hivyo kwa zamu, yeye na binti wa mtu, bila kutazamana.

Tionge alirudi amelowa, sindano ndani ya sidiria ili isivunjike. Akachoma. Haikupita muda bibi alivuta pumzi kubwa, akafumbua macho, na maumivu yote yakarudi pamoja. Alilia kilio ambacho Likongwe hakuwa amewahi kukisikia, maana kilio kile hakifiki kwenye dirisha la dawa. Akataka kutoka. Tionge akamwambia asitoke, asimame pale asikilize.

Alisimama. Tionge alikaa na bibi, akimhesabia pumzi, akimchoma tena usingizi uliporudi. Jioni alipoona ni salama, alimwomba Estere chupa. Likongwe, kwa mazoea, alinyoosha mkono kupokea kijiko.

"Mikono nyuma," Tionge akasema.

Akaiweka nyuma. Tionge akapima kijiko kimoja, na hicho hakukijaza. Bibi alikunywa, na taratibu vidole vikaachia ufito wa kitanda kimoja baada ya kingine. Akamtafuta Likongwe kwa macho.

"Hii ya leo," akasema, "chungu."

Hakuna aliyecheka. Likongwe alivua uzi wa ufunguo shingoni, akamwekea Tionge juu ya kigoda. Tionge akauchukua, akasema daktari anangoja, na mjomba wa Likongwe ameitwa, kwa sababu jambo kama hili mtu haendi kusimama peke yake bila wa ukoo wake. Akachukua baiskeli akaanza kuikokota kwenye ukungu bila kugeuka kuangalia kama anafuatwa.  Likongwe akachukua yake, akamfuata.