Swali la Mlangoni

Binti yangu ndiye aliyeileta ile filamu, kwa flashi, Jumapili moja baada ya kanisa. Nilimwambia sinema za shule zinanichosha. Nimefundisha miaka ishirini na sita, nitaona nini kipya? Tukaiweka tu, hapa nyumbani Kapsoya, sahani za ugali zikiwa bado mezani.

Haki ya Mungu, ilinishika. Aliyeiandika anajua kazi. Hakuna hotuba, hakuna mwalimu wa kuokoa dunia. Kuna mwalimu mmoja mzee, mkavu, na wavulana wa bodingi, na kila mvulana ana lake. Mmoja haulizi swali darasani hata umchape. Anangoja kengele ilie, wenzake watoke, ndipo anakuja kusimama mlangoni, daftari kifuani, anauliza huku akiangalia viatu vyake. Mwalimu ameshamjua. Kila siku anapangusa ubao polepole, akimngoja. Basi, hilo tu, na wala halielezwi popote. Nililia, binti yangu akanicheka.

Wiki hiyo niliihubiri filamu hiyo kwenye chumba cha walimu mpaka wenzangu wakanichoka.

Alhamisi akaja shuleni mama mmoja kutoka Munyaka. Mwanawe alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa figo, miaka mitatu tu baada ya kumaliza kwetu. Nilikuwa mwalimu wake wa darasa tangu kidato cha kwanza hadi cha nne.

"Mwalimu," akaniambia, "alikuwa bodingi, wewe ulikaa naye kuliko mimi. Jumamosi tukimzika, utuambie alikuwa mtu wa aina gani."

Akaniachia bahasha ya kaki yenye ripoti fomu zake zote, ati zinisaidie.

Nikazifungua. Muhula baada ya muhula, mwandiko wangu mwenyewe: Aongeze bidii. Aongeze bidii. Aongeze bidii. Nikaikodolea macho picha yake kwenye tangazo la mazishi, nikijaribu kukumbuka alikaa wapi, dirishani ama nyuma, nikaambulia patupu. Miaka minne, jamani! Mtu amenikabidhi mtoto wake, na mimi sina hata kitu kimoja cha kumrudishia. Nilijichukia.

Jumamosi, huko kijijini kwao Chepsaita, nikapewa maiki kando ya jeneza. Na mimi, mshenzi, nikafungua mdomo: "Kijana huyu hakuwa akiuliza maswali darasani. Alikuwa anangoja kengele ilie..."

Nikaimwaga yote. Daftari kifuani, viatu, mpaka ubao niliokuwa nikiupangusa polepole nikimngoja. Nilijipa hata upole wa yule mzee wa kwenye filamu. Maneno yalikuwa yameandikwa vizuri mno. Hata katika mdomo wangu yalifanya kazi yake. Kina mama wakajifuta machozi kwa leso.

Tulipomaliza kufukia, mama mtu akanijia, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa anatabasamu.

"Asante sana, mwalimu. Nyumbani hakuwa mtu wa kuongea. Miaka hii yote nilidhani mtoto wangu hakuwa na mtu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kutoa mikono yangu, akaikaza.

"Ebu niambie," akasema, "hapo mlangoni, alikuwa anakuuliza nini?"